Mkorosho Niliompa Maduhu

Watu wa Kiegei wakikwambia kwamba nina mkono wa birika, usiwabishie. Nimelelewa na mama aliyekuwa anapima hata chumvi ya kumwazima jirani, kisha nikaolewa na mwanamume aliyegawa vitu kana kwamba vinamwasha mikononi. Ilibidi mmoja wetu afunge mlango. Nikafunga mimi, miaka yote ya ndoa yetu, na yeye akawa anapitishia dirishani.

Naandika haya kwa sababu yule mtu hayupo, na mimi, ambaye kila mmoja alikuwa ameshanizika moyoni, nipo. Naandika pia kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi tu kwamba una kansa ya titi na hujui uanzie wapi. Sina utaalamu wa kukupa. Mambo ya kitaalamu waulize wenyewe, tena uwaulize mpaka wachoke. Mimi nitakusimulia yaliyonipata mimi, Benadeta, mkulima wa korosho na ufuta, mama wa mtoto mmoja anayeitwa Dafroza, mke wa Osmundi.

Uvimbe niliukuta wakati wa kuvuna ufuta. Nilikuwa nafunga matita, nikajikuna, mkono ukagusa kitu kigumu upande wa kushoto, ukubwa wa korosho ambayo haijabanguliwa. Hakikuuma. Kwa kuwa hakikuuma nikakiacha mpaka ufuta wote ukakauka, ukakung'utwa, ukaingia kwenye magunia. Kama na wewe unacho na hakiumi, usingoje ufuta.

Nilimwambia mume wangu tukiwa tunakula mchana. Aliacha tonge mkononi, akanawa, akasema, "Vaa viatu."

"Kesho basi. Jua lote hili?"

"Mama Dafro, vaa viatu."

Tukapanda bodaboda moja, mimi katikati, mpaka hospitali ya misheni. Pale walinikata kinyama kidogo, wakakipeleka kupimwa, tukarudi nyumbani kusubiri. Huko kusubiri ndiko nilikokonda, hata kabla ya matibabu. Nilikuwa naunguza mboga. Nilikuwa naita kuku mmoja mmoja kama vile nawaaga. Osmundi naye akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa kila anapokuwa nyuma ya nyumba, na ana sauti mbaya, kwa hiyo nikajua anaogopa.

Majibu yalipotoka, titi likaondolewa. Ilikuwa ndiyo miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho, na wodini nilikuwa nasikia harufu yake kwenye nguo za watu waliokuja kuona wagonjwa. Kila nikiisikia nawaza shamba letu halijapulizwa. Ukweli ni kwamba niliwaza shamba ili nisiwaze kifua.

Siku ya kufunguliwa bandeji nyumbani sikutaka mtu aingie chumbani. Osmundi akaingia. Akatazama vizuri, bila kuharakisha, kama anavyotazama mche kama umeshika. Halafu akasema, "Wameshona vizuri. Kuliko fundi wako wa sare." Nikacheka na kidonda kikaniuma, nikamtukana. Kesho yake alinishonea kimfuko cha kitambaa, akakijaza sufi, niwe naweka ndani ya sidiria nikienda misa. Kilikuwa kikubwa kuliko titi lililobaki. Nilikivaa hivyo hivyo, nimeinama upande, na wala hakuna aliyethubutu kuuliza.

Baada ya hapo zikaja dripu za dawa ya kansa. Hizo zilikuwa Dar es Salaam. Basi linaondoka kungali giza, unashuka jioni miguu imevimba, unalala kwa binamu yake Osmundi huko Mbagala, asubuhi uko kwenye benchi. Ninavyoikumbuka kansa mimi, ni lile benchi. Ni la mbao, limeng'aa kwa makalio ya watu, na ukikaa mwisho karibu na mlango unapata hewa. Kwa hiyo nakushauri: wahi, ukae karibu na mlango. Beba khanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kutapikia, maana ndoo yao haiji haraka. Na zungumza na aliye jirani yako. Wewe unaona aibu, na yeye anaona aibu, mtakaa hivyo mpaka lini?

Jirani yangu mimi alikuwa Bi Somoe, wa Namungo. Alikuwa anakaanga mihogo kwenye machimbo ya dhahabu, mwembamba, mdomo haulali. Siku ya kwanza aliniuliza, "Dada, wewe timu gani?" Nikamwambia sina timu, nina kansa. Akasema, "Kansa tunayo wote humu. Nimekuuliza timu." Tangu siku hiyo tukawa tunapangwa pamoja. Timu ya kwao ikicheza anakuja amejifunga kitambaa chake kichwani, kwenye upara, na muuguzi akimchoma sindano anamwambia, "Taratibu mwanangu, leo tuna mechi." Hakuwa na mtu wa kumsindikiza. Osmundi alikuwa ananinunulia mimi chungwa, na yeye anamnunulia la kwake, anamkatia. Nilikuwa nahesabu machungwa hayo kimoyomoyo. Ndivyo nilivyo.

Nywele ziliondoka baada ya dripu ya pili. Zilibaki kwenye mto, nyingine kwenye sufuria ya uji. Kucha zikawa nyeusi. Mkono wa kushoto ukavimba, nikawa siwezi kusonga ugali, na mwanamke wa kwetu asiyeweza kusonga ugali anajiona mgeni kwenye jiko lake. Kibaya zaidi kilikuwa mdomo. Ulitoka vidonda mpaka kooni. Maji yakawa yananichoma, uji unanichoma, hata mate. Nikawa sili. Dafroza alikuja kutoka Ruangwa na mtoto mgongoni, akaniona, akatoka nje akaenda kulia nyuma ya choo akidhani sisikii.

Ndipo yakaja maziwa.

Nyuma ya shamba letu, upande wa bondeni, palikuwa pamehamia familia ya Wasukuma na ng'ombe wao. Mwenye familia anaitwa Maduhu, mkewe Mama Kija. Kijiji hakikuwataka. Ng'ombe huku kwetu ni wageni, na mkulima aliyeamka akakuta mbaazi zake zimegeuzwa kinyesi hana moyo wa kukaribisha mgeni. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema waondoke. Osmundi akawaruhusu kuchota maji kwenye kisima chetu. Tuligombana kwa kisima hicho masika yote, wakati huo nikiwa bado mzima.

Mama Kija alisikia kwamba siwezi kula. Asubuhi moja akaja na kibuyu, akakaa chini mlangoni, akasema, "Mama, jaribu hii. Ni ya sasa hivi." Yalikuwa na joto la ng'ombe. Nikaweka kijiko mdomoni nikingoja kuchomwa. Hayakuchoma. Yakateremka. Nikanywa kijiko kingine, nikamaliza kikombe, na Osmundi aliyekuwa amesimama akageuka akatazama ukuta.

Kutoka siku ile yalikuja kila asubuhi. Mume wangu alipotaka kulipa, Maduhu mwenyewe alikuja, fimbo begani, akamwambia, "Mzee, sisi ya mgonjwa hatuuzi." Ikabaki hivyo. Muuguzi wa Dar alipouliza nakula nini mpaka damu yangu imepanda, nilimwambia Wasukuma.

Sasa lazima nieleze jambo moja la huku kwetu, la sivyo hutanielewa mbele. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mkorosho ni kingine. Na ukimpa mtu mkorosho, umempa kuokota. Msimu ule, kinachodondoka chini ya mti ule ni chake. Ataokota, atauza, atakula mabibo yake mpaka ashibe. Msimu ukiisha, mti umerudi kwako, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kuvaa kaptula.

Msimu ule wa korosho, mimi nikiwa kati ya dripu na dripu, nikiwa nimelazwa kwenye mkeka barazani, nikawa naona watu shambani mwetu. Katekista anaokota chini ya mti mmoja. Kijana wa bodaboda aliyekuwa ananipeleka kituoni, na mama yake, wanaokota chini ya mwingine. Mjane wa jirani aliyekuwa ananifulia, naye hivyo hivyo.

"Hao umewapa?" nikamuuliza Osmundi.

"Mwaka huu tu."

"Tunauguza na unagawa?"

"Ndiyo maana nagawa," akasema, akaenda zake.

Dafroza alikuwapo, akamjia juu baba yake. "Baba, korosho ndiyo nauli ya mama! Wewe unataka watu wakusifu?" Dafroza akaondoka kurudi Ruangwa bila kumuaga baba yake, na hilo mwanangu mpaka leo halijamtoka.

Jambo moja lilinishangaza. Watu wale wakipita barazani walikuwa wananiamkia kwa namna ambayo sikuizoea. Wanasimama. Wanainama. "Shikamoo mama, Mungu akuzidishie." Mimi tangu nihamie Kiegei sijawahi kuombewa nizidishiwe. Nikadhani wananiamkia hivyo kwa sababu wanaona maiti iliyokaa.

Dripu zilipokwisha, mvua zikiwa zimeshika, nikaambiwa niende kwenye mionzi. Hiyo unakaa hukohuko mpaka uimalize. Nikakaa Mbagala, natoka asubuhi kwenda kulala chini ya mashine, narudi ngozi ya kifua imeungua kama sufuria iliyosahaulika. Osmundi alikuwa anakuja na kurudi, maana shamba lilimhitaji. Safari moja alikuja akiwa mkimya, nikamuuliza kuna nini, akasema barabara ni mbovu.

Nikarudi nyumbani karibu na Pasaka. Bodaboda ikaniteremsha, nikatazama jikoni, nikaona mbingu mahali ambapo hapakuwa na mbingu.

Pale karibu na jiko palikuwa na mkorosho wangu. Huo haukuwa wa Osmundi wala wa ukoo wake. Niliupanda mwaka nilioolewa, kwa mbegu niliyopewa na mama yangu. Ndicho kitu pekee alichowahi kunipa bila kukipima. Dafroza alijifunza kutembea akiwa ameshika shina lake. Sasa palikuwa na kisiki kinachofika magotini, kimekatwa vibaya, kwa shoka, pande zote.

"Nani amekata?"

Osmundi alikuwa ameshika mfuko wangu. Akasema, "Nimekata mimi."

"Wewe?"

"Ulikuwa umezeeka. Nitaubebesha vijitawi vya mkorosho mwingine, utoe aina nzuri."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Wamenikata titi," nikamwambia, "sasa na mti?"

Akainama, akaanza kuokota vijiti chini ambavyo havikuwa na kazi yoyote.

Mimi nikikasirika sipigi kelele. Ninaacha kusema. Nilimpikia, nilipoweza kupika tena. Nilimwandalia maji. Akiniuliza namjibu. Lakini yale maneno ya bure, ya kutaniana, ambayo ndiyo yaliyokuwa ndoa yetu, niliyaweka ndani nikafunga. Nilikuwa nakiona kisiki kile kila nikienda kuchochea moto. Mwili wangu umeshakatwa, na mtu niliyemwamini kuushika uliobaki akaenda akakata kitu changu kingine bila hata kuniambia. Hivyo ndivyo nilivyoona, na sioni kwamba mtu mwingine angeona tofauti.

Maziwa yaliendelea. Mama Kija alileta kila asubuhi. Maduhu sikumwona tena. Alikuwa anawapitisha ng'ombe wake mbali, njia ya mzunguko, nikadhani ni kwa sababu ya mbaazi.

Kisiki kikachipua. Osmundi akaacha machipukizi machache yenye nguvu, na kiangazi kilipokuja akaenda kwa rafiki yake kuomba vikonyo, vile vijitawi vya kubebesha, vya mkorosho wa kisasa. Nilikuwa jikoni. Akaniita.

"Mama Dafro, njoo unishikie hapa."

Nikaenda. Akachana chipukizi kwa wembe, akachonga kikonyo, akakiingiza, mimi nikashika kwa vidole vyangu vyenye kucha nyeusi, yeye akafunga kwa utepe wa nailoni, taratibu, akizungusha. Tulifanya hivyo kwa kila chipukizi. Vichwa vyetu vilikuwa karibu. Alikuwa ananuka salfa na jasho.

"Vitashika?" nikauliza. Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza la bure tangu Pasaka.

"Ukiwa unavishika wewe, vitaachaje? Wewe ukishika kitu unaachia?"

Nilitaka kucheka. Nikasema maji yanachemka, nikarudi jikoni. Nilijua kicheko kile kingefungua mengine yote, nikaona acha, nitacheka kesho au keshokutwa. Tulikuwa na wakati.

Hatukuwa nao. Wiki ileile alikwenda kupuliza mikorosho ya bondeni, akaanguka na mashine mgongoni. Maduhu ndiye aliyemkuta. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Nilipofika hospitali, ileile ya misheni, kwenye benchi ambalo alikaa yeye akinisubiri mimi, daktari aliniita pembeni akaniuliza kama mume wangu alikuwa anameza dawa zake za presha. Nikasema anameza. Akasema kliniki hawajamwona tangu mwaka uliopita. Nikapiga hesabu, nikakuta aliacha nilipoanza dripu. Labda alisahau. Labda aliona nyumba moja haiwezi kuwa na wagonjwa wawili. Sitajua.

Nilisimama kaburini nywele zangu zikiwa ndio zinaanza kuota, laini za kitoto. Watu walinitazama mimi kisha jeneza, kana kwamba tumebadilishana kwa makosa. Hata mimi nilihisi hivyo. Nilikuwa nimeshajiandaa kufa. Nilikuwa nimemwelekeza Dafroza khanga za kunivisha. Hakuna aliyenielekeza namna ya kubaki.

Bi Somoe alikuja. Alitoka Namungo mpaka Ruangwa, akapanda gari lingine mpaka kwetu, na hali yake ikiwa mbaya, anatembea ameshika ukuta. Akakaa mkekani pembeni yangu, akanishika goti.

"Dada, sikuwahi kukushukuru kwa korosho."

"Korosho gani?"

"Debe lile. Mumeo alinipelekea hadi kwangu. Akasema, mke wangu amekutumia, kaokota mwenyewe kwa mkono wake mgonjwa. Nilikula na wajukuu zangu mpaka mfungo."

Nilidhani homa imempanda. Lakini akaja katekista, baada ya sala, akaniambia, "Mama, ule mkorosho ulionipa ndio uliowarudisha watoto wangu shule." Akaja mjane. Akaja kijana wa bodaboda na mama yake. Kila mmoja alianza kwa pole na kumalizia kwa asante, na asante ilikuwa yangu. Wote Osmundi aliwaambia vivyo hivyo: mti huu amekupa mke wangu. Mimi nilikuwa nimelala barazani nawakodolea macho, na wao wakiniombea nizidishiwe.

Alidhani nitakufa. Ndiyo maana. Alijua Kiegei wananiitaje, na hakutaka nizikwe na jina lile. Kila mti aliotoa alikuwa ananijengea mimi neno zuri la kusemwa siku ya mazishi yangu, na hakufikiri hata siku moja kwamba mazishi yatakuwa ya kwake. Watu waliyasema maneno hayo. Niliyasikia yote, nikiwa hai, naye akiwa pale mbele hasikii.

Arobaini ilipopita, Maduhu akaja na mkewe. Alisimama nje, kofia mkononi. Nikamwambia akae, hakukaa.

"Mama, nimekuja kusema. Nimeshindwa kukaa nayo. Ule mti nilikata mimi."

Nikamtazama Mama Kija. Ameinamisha kichwa.

"Mzee aliniita," Maduhu akasema. "Aliniambia, Maduhu, mama anakushukuru kwa maziwa, amekupa mti wake ule wa jikoni. Mimi nikafurahi sana. Nikamwambia mke wangu, yule mama ana roho, sisi wageni ametupa mti. Na mvua ilikuwa imevunja zizi langu, ng'ombe wanalala kwenye tope. Mama, kwetu hakuna korosho. Mimi nikipewa mti, najua nimepewa miti ya kujengea. Nikaja na shoka. Mzee alikuwa amekwenda Dar kukuona. Aliporudi akakuta nimemaliza."

"Akasemaje?"

"Alikaa juu ya kisiki. Alikaa sana. Halafu akaniuliza, zizi limetosha?"

Hapo nikaanza kulia.

"Nilitaka nije kwako nipige magoti. Akakataa. Akasema, namjua mke wangu. Akijua, hatakunywa tena maziwa yako, na asipokunywa atakufa. Wacha anikasirikie mimi, mimi amenizoea."

Alisema kweli. Nisingekunywa. Najijua. Ningemwaga kibuyu kile mlangoni mbele ya Mama Kija, na ningekuwa na haki, na ningekuwa chini ya udongo. Kwa hiyo alibeba hasira yangu kutoka Pasaka mpaka siku aliyoanguka, akanywa chai yake kimya, ili mimi ninywe maziwa. Na mimi kicheko chake nilikuwa nimekiweka akiba.

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi, hilo ndilo nililotaka kukwambia, mengine yote ni khanga na machungwa. Ugonjwa utakufundisha kubana kila kitu, nguvu, pumzi, maneno, kwa sababu hujui vitatosha mpaka wapi. Usimbanie kicheko anayekuuguza. Mpe leo. Nami nilikuwa na sababu ya kukasirika, na haijanisaidia.

Bi Somoe alifariki mwezi wa Ramadhani. Nilikwenda Namungo kuzika, nikawakuta wajukuu wake wamevaa jezi. Mimi nimerudi kwenye kipimo mara kadhaa, kila mara nakaa karibu na mlango, na mpaka sasa wanasema ni safi. Dafroza anakuja mwisho wa mwezi. Akifika anapitia kaburini kwanza, anamuaga baba yake, ndipo anaingia ndani. Sijabadilika sana. Bado napima chumvi. Ila kila msimu mikorosho ile ile anaokota katekista, anaokota mjane, na mti mmoja korosho zake nawapelekea kwa magunia wajukuu wa Bi Somoe. Siwezi kuwanyang'anya watu kitu nilichowapa.

Vikonyo alivyovifunga Osmundi vilishika, vyote isipokuwa kimoja. Maduhu alikizungushia kisiki uzio wa miiba mrefu kuliko yeye, ng'ombe wake mwenyewe wasikisogelee, na kiangazi akawa anateka maji kisimani kwetu na kukinyweshea, ingawa nilimwambia mkorosho hautaki kubembelezwa. Msimu wa kwanza ulitoa majani. Wa pili ulichanua.

Mwaka huu umezaa. Asubuhi moja nilikuwa nachochea moto nikasikia mtu anabisha hodi, nikatoka. Maduhu alikuwa amesimama, ameishika kofia yake kwa mikono miwili, kama anavyoshika kibuyu. Ndani kulikuwa na korosho. Hazikujaza hata nusu ya kofia.

"Mama," akasema, "mti wako umezaa."

Nilizishika. Zilikuwa kubwa, bado zina unyevu wa bibo. Nikatazama ule mti, na mahali ambapo tulisimama vichwa vyetu vikiwa karibu, mimi nimeshika, yeye anafunga. Nikazirudisha zote ndani ya kofia.

"Huo ni wako, Maduhu. Nilikupa mimi. Mzee si alikwambia?"